Namba Tisa Ukutani kwa Dobi

Kila siku baada ya masomo, Kiberiti alipitia dukani kwa mjomba wake, dobi, kabla ya kwenda mazoezini. Jina la Kiberiti alipewa na wenzake shuleni, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa kuwaka. Dukani alikuwa na kazi yake: kukunja nguo zilizokwisha kunyooshwa, kuzifunga kwa karatasi na kuandika jina la mwenyewe juu ya kila furushi. Mjomba alikuwa amesimama pale pale alipomwacha asubuhi, nyuma ya meza ya kupigia pasi, mvuke ukimpanda usoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Kaa kwanza, unahema."

"Wewe ndiye ungekaa."

"Nikikaa sitainuka tena," alijibu, akacheka kile kicheko kifupi cha mtu aliyechoka tangu jana.

Juu ya rafu, kwenye msumari, ilining'inia jezi ya zamani yenye nembo ya klabu kubwa na namba tisa mgongoni. Kabla ya kufungua duka, Mjomba aliifanyia kazi klabu ile miaka sita. Hakuwa mchezaji. Alikuwa akifua jezi na kusafisha viatu vya wachezaji. Siku Mjomba alipoondoka, mshambuliaji wao alivua jezi yake akampa mkononi, na tangu hapo haikuwahi kutoka ukutani ila kwa kufuliwa.

Sasa, timu ya wasichana ya shule yao ilikuwa hoi bin taabani. Walikuwa wamecheza mechi nne na bao hawakupata hata la dawa. Mwalimu wa michezo, ambaye pia alifundisha hisabati madarasa manne, alikuwa anakuja uwanjani na chaki bado vidoleni, macho mekundu kwa kusahihisha madaftari. "Mabeki wetu si wabaya," aliwaambia. "Tatizo liko mbele. Nahitaji mtu wa kuwafundisha washambuliaji. Mimi, wanangu, nimefika mwisho wa ujuzi wangu."

Siku mbili baadaye Nahodha wa timu alikuja dukani kuchukua koti la baba yake. Mjomba alikuwa uani akianika mashuka. Nahodha akainua macho, akaiona jezi.

"He! Hii ni ya nani?"

"Ya mjomba."

"Usiniambie! Mjomba wako alichezea timu ile?"

Hapo ndipo Kiberiti angesema kweli, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini alimtazama Nahodha, ambaye baba yake alivaa koti la kazi ya ofisini, kisha akalitazama beseni la soksi za watu miguuni pake. Akaona aibu. Naam, aibu, tuiite kwa jina lake.

"Namba tisa," alisema. "Wewe unafikiri alikuwa anafanya nini?" Na kwa kuwa uongo ukishatoka mdomoni hutaka chumvi, akaongeza, "Msimu mmoja alifunga mabao kumi na manane."

Kesho yake mwalimu mwenyewe alifika dukani. Kiberiti alikuwapo, akikunja mashati. Mwalimu alikuwa na haraka, saa ya mazoezi ilikuwa imekaribia. "Ndugu yangu, binti ametueleza habari zako zote za klabuni. Tunakuomba uje utufundishie washambuliaji."

Mjomba aliweka pasi chini. "Amewaeleza kazi niliyokuwa nikifanya?"

"Yote."

"Na bado mnanitaka?"

"Tunakuhitaji sana."

Mjomba alimgeukia mpwa wake, na uso wake uling'aa kwa namna ambayo Kiberiti hakuwa ameiona siku nyingi. "Basi nitakuja," alisema. "Sijui kama nitafaa, lakini nitakuja." Mwalimu alidhani ni unyenyekevu, akampa mkono, akaondoka mbio. Kiberiti naye aliinama akaendelea kukunja mashati.

Tangu siku hiyo Mjomba alifunga duka mapema mara tatu kwa wiki, akaja uwanjani miguu ikiwa imemvimba. Mazoezi yake yalikuwa ya ajabu. Aliwaketisha wasichana kwenye nyasi, akawaambia wavue viatu, kisha akavigeuza kimoja kimoja na kutazama soli. Wasichana wakatazamana.

"Kocha, tuonyeshe kupiga," alisema Nahodha.

"Ngoja nikwambie kitu kwanza. Wakati nilipokuwa nasafisha..."

"Goti lake bovu!" Kiberiti alirukia. "Daktari amemkataza kupiga mpira!"

Mjomba alimtazama kwa mshangao. Ni kweli magoti yalimuuma kwa kusimama kutwa, lakini daktari gani huyo? Akaachia hapo. Pengine mtoto anamwonea huruma tu.

Ikawa hivyo kila mara. Mjomba akifungua mdomo kuanza na "pale klabuni mimi...", Kiberiti anaangusha chupa ya maji, anadai kabanwa na msuli, au anauliza saa. Alifika uwanjani kabla ya wote na kuondoka baada ya wote, ili mtu yeyote asibaki peke yake na mjomba wake. Darasani alisinzia. Chakula hakikupanda. Hakujua kwamba uongo ni kazi ya kutwa isiyo na siku ya mapumziko. Wiki tatu zikapita, mechi ya tano ikapigwa, na bao halikupatikana. Mipira ya Nahodha ilipaa juu ya goli kama kawaida yake. Wasichana wakaanza kunong'ona kwamba huyo kocha ni wa kutazama viatu tu.

Alhamisi moja, mwalimu wa michezo alikuja uwanjani na karatasi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa anatabasamu.

"Jumamosi tunacheza nyumbani, na wazazi wote watakuwepo," alisema. "Nimeona kocha wetu ndiye aupige mpira wa kwanza, kidogo tu kwa ajili ya goti lake, nami nitamtambulisha hivi." Akasoma kwa sauti: "Mshambuliaji wa zamani, namba tisa, aliyefunga mabao kumi na manane kwa msimu mmoja!"

Wasichana walipiga makofi. Mjomba hakupiga. Alisimama na kiatu cha mtu mkononi, akamgeukia Kiberiti taratibu.

"Nani kasema hivyo?" aliuliza.

Kiberiti angeweza kusema mwalimu amesikia vibaya. Alikuwa na uongo mwingine tayari ulimini, na ungefaa. Lakini aliutazama uso wa mjomba wake, akaona jinsi ule mng'aro wa siku ile dukani ulivyokuwa ukizimika, akahisi amechoka, amechoka kabisa.

"Ni mimi," alisema. "Mjomba hakufunga bao hata moja. Hakuwa mchezaji. Alikuwa akifua jezi na kusafisha viatu. Niliwadanganya ninyi, na yeye hakujua."

Nahodha akalipuka. "Wiki tatu! Kumbe pasi anayoijua huyu ni ya kunyooshea mashati!" Wawili watatu wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa mwalimu alikuwa ameketi juu ya mpira na kujishika kichwa.

"Kwa nini, mama?" Mjomba aliuliza kwa sauti ya chini. "Kazi yangu inakutia aibu?"

Kiberiti aliitikia kwa kichwa, akilia.

Mjomba hakumkemea. Ingekuwa afadhali angemkemea. Alijifuta mikono kwenye suruali, mikono ile yenye alama za kuungua na pasi, akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, ulipokuja dukani nilidhani unanitaka kwa kile nilichokijua. Mimi viatu ndivyo nilivyovijua. Miaka sita, jozi ishirini na mbili kila baada ya mechi. Nilikuwa naweza kukuambia nani hatafunga wiki ijayo kwa kutazama soli yake tu. Lakini kama hamnihitaji kwa hilo, nina mashuka yananingoja."

Akakirudisha kile kiatu kwa mwenyewe. Kilikuwa kiatu cha kushoto cha Nahodha.

"Ngoja," alisema Nahodha. Hasira ilikuwa bado imemjaa, lakini udadisi ulikuwa umemzidi. "Changu kinasemaje?"

Mjomba alisita, kisha akakigeuza. "Tazama hapa. Meno ya mbele ya soli ni mazima, ya kisigino yamelika. Mguu huu ndio unaousimamia unapopiga kwa kulia, sivyo? Basi unalalia kisigino, mwili unaegemea nyuma, na mpira unapaa. Weka uzito mbele, kifua juu ya mpira. Nimetaka kukwambia tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

Mjomba alimtupia jicho mpwa wake. Wote waligeuka wakamtazama Kiberiti, na yeye akakumbuka chupa zilizoanguka, misuli iliyokaza, goti na daktari wake. Kumbe kila alipokuwa akimziba mjomba mdomo, alikuwa akiliziba lile lile bao walilokuwa wakilitafuta. Akatamani ardhi ipasuke.

Nahodha alivaa kiatu, akaweka mpira, akaegemea mbele. Shuti la kwanza likagonga mwamba. La pili likaingia chini, pembeni, wavu ukatikisika. Akatoa mguno wa mshangao. Mwalimu akainuka kutoka juu ya mpira wake.

"Kocha," alisema, "mashuka yasubiri kidogo. Na mimi nina kosa langu, sikukuuliza mwenyewe." Akamwelekea Kiberiti. "Wewe Jumamosi utakaa benchi."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Kiberiti, akaona ni haki.

Jumamosi walitoka sare, bao moja kwa moja. Si ushindi, lakini waliocheza walikumbatiana kama wamebeba kombe, maana lilikuwa bao lao la kwanza, na alilifunga Nahodha, kifua juu ya mpira. Kiberiti alikaa benchi kando ya Mjomba na brashi mkononi, akibandua matope kwenye viatu vya akiba. Mechi ilipokwisha, kocha wa wageni alikuja kuwapa mkono.

"Namba tisa wenu amebadilika sana," alimwambia Kiberiti, aliyekuwa karibu. "Nani anawafundisha?"

"Huyu hapa. Ni mjomba wangu."

"Alichezea wapi?"

Uongo ulimjia ulimini kwa mazoea, akaumeza. "Hakucheza," alisema Kiberiti. "Alikuwa anasafisha viatu vya wachezaji. Ndiye kocha wetu wa washambuliaji."

Yule mgeni alitikisa kichwa kwa mshangao, akampa Mjomba mkono kwa mikono miwili.

Walirudi dukani taratibu, kwa sababu ya magoti. Mjomba alifungua mlango, akawasha pasi, akasubiri ipate moto.

"Sikiliza, mama," alisema. "Ulinipa mabao kumi na manane ambayo si yangu, na kwa kunipa hayo ukaninyang'anya miaka sita ambayo ni yangu. Usimfanyie mtu hivyo tena, hata kwa kumpenda. Msifu kwa alichofanya. Kama hakikutoshi, basi nyamaza."

"Sitarudia, mjomba. Nisamehe."

"Nimekwisha kukusamehe. Ila nimechoka, miguu hainibebi."

Kiberiti akavuta kigoda, akakiweka nyuma yake, akaishika pasi yeye mwenyewe. Mjomba akakaa. Beseni la soksi lilikuwa bado limejaa, na shati la kwanza lilikuwa la mwalimu wa michezo.