Kamba ya Shemeji

Haya yalimpata rafiki yangu Beverlyne, mpiga picha wa Homa Bay, na mpaka leo hataki hata kusikia jina la shemeji yake Oyaro.

Mwaka wa tisini na sita, mvua za kwanza ziliponyesha, alikwenda Macalder kupiga picha za maua ya porini kwa ajili ya kalenda ya kanisa. Yaliyopendeza kuliko yote, mekundu kama makaa yanayowaka, yalikuwa yameota kwenye kuta za shimo la zamani la dhahabu. Oyaro, ambaye ni mchimbaji, akamfunga kamba kiunoni.

"Shuka tu, shemeji, mimi nimekushika. Ukitaka kupanda, vuta mara mbili. Ndivyo sisi wachimbaji tunavyoitana."

Akashuka, jua likiwa utosini na giza chini ya miguu yake. Huko chini maji yalidondoka, tone baada ya tone. Kila alipoyumba, kamba ilimkaza. Filamu ilipoisha akavuta mara mbili, akapandishwa polepole, kwa upole kabisa.

"Asante, shemeji," akasema, akijipangusa udongo.

Akageuka; hapakuwa na mtu. Mbali kule bondeni alimwona Oyaro akitimua mbio bila kugeuka. Kumbe mtu aliyekula kwake miaka yote alikuwa amemwacha akining'inia!

Sasa nani alimvuta? Akaifuata kamba kwa macho kutoka kiunoni mwake. Ilipita pale aliposimama Oyaro, ikazama katika shimo jingine lililozibwa na nyasi.

Kisha ikavutwa mara mbili.