Kombe Wanne Wasiojifunga

Kila Jumamosi asubuhi, katika ghorofa moja kuukuu ya Berea, Johannesburg, jiko la Bi Biubwa lilisikika ko, ko, ko. Alikuwa akigonga kombe kabla ya kuwapika. Kombe ni mnyama wa baharini mwenye magamba mawili magumu. Akiwa hai, ukimgonga hujifunga. Anayebaki wazi amekufa, hutupwa.

Binti yake Tabia, wa miaka kumi na miwili, aliwachagua kwa ukubwa. Wadogo ni laini, huchemshwa na kuliwa kwa ndimu. Wa kadiri huungwa kwa nazi. Wakubwa ni wagumu kama soli ya kiatu, hivyo hukatwakatwa na kukaangwa. Kutoka ukutani, picha ya mama mdogo Nusaiba iliwatazama. Alifia Tanga akiwa msichana, na Tabia hakuwahi kuambiwa alikufa kwa nini.

Jumamosi moja ya mwaka 2017, mama alishuka spaza, duka dogo la mtaani, kununua nazi.

"Gonga wote, mwanangu. Usiruke hata mmoja."

Tabia aligonga. Kombe wanne walibaki wazi. Aliwagonga tena, hawakujifunga. Lakini mgeni alikuwa njiani, na kumpa mgeni sahani pungufu ni aibu. Akawatumbukiza sufuriani pamoja na wenzao. Walipoiva, wote walifunguka, asijue tena yupi ni yupi.

Mama alirudi, akaunga nazi. Mara, ko, ko, ko. Tabia akageuka. Hakuna aliyekuwa akigonga. Pichani, macho ya Nusaiba hayakumwacha.

Mgeni alikuwa Angélique, jirani yao Mkongo, fundi cherehani mwenye mimba ya miezi saba.

"Mama Tabia, harufu inaniita tangu ku ngazi!" alicheka, akachota mchuzi.

Ko, ko, ko.

"Usile, anti!" Tabia alipiga kelele huku akilia. "Wanne walikuwa wamekufa. Niliwapika!"

Kijiko kilibaki hewani. Mama aliibeba sufuria nzima, akaimwaga.

"Eish!" Angélique alishika tumbo. "Mtoto ameokoa mie na huyu wa ndani."

Wakala wali mtupu kwa kachumbari. Kisha mama akaishusha ile picha, akaipangusa vumbi.

"Nusaiba alikula kombe wafu, akafa. Bibi yako alijua wamo, akaona haya kumwaga mchuzi mbele ya wageni. Tangu siku hiyo hadi anakufa, bibi yako alisikia kombe wakigongwa."

"Hata mimi niliwasikia, mama. Leo."

"Ni mabomba ya maji, Tabia. Hugonga kila siku. Mwenye kuficha kosa ndiye anayeyaogopa. Aibu ya mchuzi uliomwagwa huisha kesho, lakini kosa lililofichwa linaweza kuua, na aliyelificha hapati usingizi tena."

Ukutani, mabomba yaligonga tena. Safari hii Tabia hakugeuka.