Mshumaa wa Harusi ya Jackie

"Shiundu, ingia haraka! Mshumaa umezimika tena!"

Becky, dada mdogo wa bibi harusi, alimkuta nje ya kanisa la mabati, Kawangware, ameegemea ukuta. Shiundu ndiye aliyeutengeneza mshumaa ule kwenye kibanda chake mtaani Silanga, Kibera. Aliuleta asubuhi, kurudi kukamshinda.

"Kiragu auwashe. Si ndiye bwana harusi?"

"Wacha kiburi, bro! Mum amesema ukizimika tena, hakuna harusi."

Kanisani kwao mshumaa wa ndoa huwashwa kwanza, viapo vikafuata. Kwa Mama Rahab, mama wa bibi harusi, mshumaa ukikataa, Mungu amekataa.

Shiundu akabanduka ukutani. Jackie alikuwa mpenzi wake, mpaka babake, mwenye ploti, alipoapa kwamba binti yake hataolewa na mpangaji wa Kibera. Ujumbe wa mwisho wa Jackie ulisema: "Daddy amenishinda. Nitengenezee mshumaa mzuri."

Akaingia kanisani. Shiundu aliutazama utambi, akajua. Aliutengeneza akilia, akasahau kuuchovya kwenye nta kabla ya kumimina.

"Kijana," Mama Rahab alisema, "shida ni ya mshumaa ama ni ya ndoa?"

Uongo mmoja tu ungetosha kuvunja harusi. Ulikuwa tayari ulimini.

"Kumbe hata mshumaa umekushinda, fundi?" Kiragu akacheka.

Kiburi kikampanda kichwani.

"Shida ni yangu, Mama. Utambi sikuuchovya."

Akatoa kisu. Akachimba nta kuzunguka utambi, akaudondoshea nta ya moto ya mshumaa wa madhabahuni, akaupunguza ncha, akauwasha. Upepo ukaingia mlangoni, mwali ukayumba.

"Ukinge na mikono, fundi," mchungaji akasema. "Maharusi, sogeeni."

Jackie akasogea hadi shela yake ikamgusa Shiundu begani.

"Toa mikono," akanong'ona.

"Unasema?"

"Toa, Shiundu. Tafadhali. Mimi siwezi kusema hapana mbele ya Daddy. Wacha uzimike."

Shiundu akaiondoa mikono. Upepo ukaja na vumbi la barabarani. Mwali ukainama, ukalala kabisa juu ya nta, ukabaki doa la bluu.

Jackie akafumba macho.

Kisha mwali ukainuka, ukasimama wima. Shiundu alikuwa ameurekebisha utambi vizuri mno.

"Amina!" kanisa zima likaitikia, na Mama Rahab akapiga ngemi, vigelegele vya shangwe.

"Asante, fundi," mchungaji alisema. "Sasa tupishe, tuendelee na viapo."