Dirisha Lililozibwa la Ghorofani

Haya yalimpata rafiki yangu Winifred, mpimaji wa majengo ya kale. Nyumba aliyokuwa akiipima, iliyokuwa ya kasisi huko Norfolk, Uingereza, ilikuwa na dirisha la ghorofani lililozibwa kwa matofali zamani ili kukwepa kodi iliyotozwa kwa idadi ya madirisha. Nyuma yake palikuwa na hewa tupu ya nje, alihakikisha mwenyewe.

"Sogea, profesa, usichafue viatu," fundi Clem alimtania, aking'oa tofali moja.

Alipoingiza mkono kutoa kifusi, kitu kikaudaka. Mifupa ikalia kama kuni zinazovunjwa.

"Nivute, Win! Mkono unakatika!"

Winifred alimvuta kiunoni mpaka mkono ukachomoka, umepondeka. Wakiwa sakafuni wanahema, walisikia mwiko wa mwashi ukikwaruza upande wa pili wa ukuta. Kisha tofali likasukumwa polepole tunduni kutoka upande ule, chokaa yake mbichi ikichuruzika, nyekundu kwa damu.