Kilemba-Cheche

Ndahani Mdachi alinyoosha mikono akapokea kitu ambacho hakikuwepo. Aliyempa alikuwa mama mmoja wa idara ya barabara, naye alimpa viganja vitupu, kwa maana zoezi lilitaka hivyo: mmoja anatoa, mwenzake anapokea bila kufikiri, anakitaja kitu hicho, kisha anaongeza lake.

"Mbona umeniletea wingu ambalo bado linanyonya?" alisema Ndahani, akilipakata kama mtoto. "Hili halikamuliwi. Linataka lilishwe kwanza."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kichwani mwake kilemba-cheche kikawaka rangi ya samawati, kisha kikazimika.

Kilemba hicho kilikuwa kofia laini ya nyuzi za fedha, iliyohisi umeme wa ubongo mtu anapojibu jambo asilolitarajia. Dodoma ya miaka hiyo, jiji lenye watu wengi kuliko maji yake, liliendeshwa na akili unde iliyobuni kila kitu, kuanzia mabomba hadi ratiba za shule. Lakini akili unde ile ilikuwa imejilisha kazi zake yenyewe kwa muda mrefu, ikafika mahali pa kurudia yale yale, hata mabwawa mapya yakatoka na kasoro za mabwawa ya zamani. Ilichokosa ni cheche ya binadamu anayebuni papo kwa papo. Katika warsha kama ile, kilemba kiliichota cheche hiyo ingali mbichi, kikaitia kwenye mashine.

Aliyeongoza warsha hizo ni Nyemo Chilongani. Alikuwa amefanya kazi jukwaani kwa miaka mingi, akiigiza bila kuandikiwa neno, na Dakta Lukelo Sanga aliyebuni kilemba alimfuata mwenyewe kumwomba awafundishe watu mazoezi yake. Nyemo aliipenda kazi ile. Aliwaona wahasibu na mafundi umeme wakiingia wamejikunyata, wakitoka wanataniana. Ndahani, mhandisi wa maji, aliletwa na Nyemo mwenyewe. Walikuwa majirani, na hakumjua mtu mwepesi wa jibu kama yule.

Akili unde ililichukua lile wingu linalonyonya, ikatoa mchoro ambao hakuna aliyewahi kuuona. Haukupita muda mrefu, minara nyonyeshi ikasimama juu ya vilima, ikipuliza mvuke wa majitaka yaliyosafishwa kuelekea mawingu membamba mpaka yakawa mazito. Mvua ikanyesha. Watu walitoka na ndoo barabarani, wengine wakilia.

Tangu hapo Ndahani hakukosa kuitwa katika warsha yoyote. Nyemo ndiye aliyeanza kuona mabadiliko. Kwanza majibu yake yalichelewa. Baadaye, kila alichopewa, alikiita wingu. Wenzake walidhani anatania. Kisha siku moja alipokea viganja vitupu vya mwenzake akabaki amesimama, akimtazama Nyemo kama anayengoja kuambiwa. Kilemba hakikuwaka. Dakta Lukelo alimshukuru mbele ya wote, akamwambia akapumzike.

Nyemo alikwenda kumjulia hali. Alimkuta barazani akimenya karanga, naye akaitikia salamu vizuri tu. Mkewe, mama Matika, alimpokea mgeni bila uchangamfu. Alieleza kwamba mumewe alikuwa anakwenda kazini na kurudi kama kawaida, ila siku barabara ilipofungwa kwa matengenezo alisimama mbele ya kizuizi kutwa nzima, mpaka polisi wakamrudisha nyumbani. Nyemo akasema huenda ni uchovu.

Mama mtu akamwita Matika, binti yake wa chekechea, akampandisha mkono wa gauni. Kovu lilianzia kwenye kifundo cha mkono likafika begani. Mafuta yalilipuka jikoni, alisema, yeye akiwa nje anaanika nguo, na baba mtu alikuwa amekaa pale pale mezani.

"Alikuwa anamwangalia," alisema. "Hakuwa na hofu, dada. Alikuwa anangoja mtu amwambie afanye nini."

Nyemo alitoka pale moja kwa moja hadi kwa Dakta Lukelo. Dakta hakukana. Alifunga mlango, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kila cheche ina njia yake ndani ya ubongo, na kilemba hakinakili, kinachota. Njia iliyokaushwa haiwaki tena. Aliligundua hilo tangu majaribio ya mwanzo, ila alidhani ingechukua miaka mingi.

"Ulijua, ukaniacha nimlete jirani yangu?"

"Dada Nyemo, kafungue bomba lolote la mji huu," alisema Dakta. "Yanayotoka humo yalianzia kichwani mwa Ndahani. Niambie nikafunge lipi."

Katika warsha iliyofuata Nyemo aliwaeleza washiriki ukweli wote. Baadhi walivua vilemba wakaondoka. Yule mama wa idara ya barabara alikivaa chake vizuri zaidi, akasema kwamba alizika mtoto mwaka wa ukame, akaomba zoezi liendelee. Nyemo alishindwa kuliendesha. Nafasi yake ikachukuliwa na mwingine.

Jioni akawa anakwenda kwa Ndahani kujaribu mazoezi yale yale bila kilemba. Alimnyooshea viganja akamwambia, "Nimekuletea hiki." Ndahani alivichungulia kwa makini, kwa upole.

"Hamna kitu, dada," alisema. Na kweli hamkuwa na kitu.

Jioni moja Matika alirudi kutoka shuleni akamkuta Nyemo bado anahangaika. Mtoto akatupa mkoba chini, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, nibebe." Akabebwa.

"Sasa niulize leo nimefanya nini."

Ndahani akauliza. Matika akasimulia habari ndefu ya mwalimu aliyekalia uji, akaimaliza, akamshika baba yake mashavu.

"Sasa cheka."

Ndahani akacheka. Kilikuwa kicheko chake hasa, kile ambacho zamani kilivuka ukuta hadi kwa Nyemo. Aliendelea kucheka, jicho likiwa kwa mwanawe, mpaka Matika alipomwambia, "Basi, baba. Inatosha."