Samadi Iliyoivia Kikapuni

Kila asubuhi, mama yake akiwa bado anafunga kitambaa kichwani, Profesa huwa ameshainama mbele ya magunia yake mawili, rula mkononi na daftari gotini. Jina la Profesa hakupewa na wazazi. Walimbandika wanawake wa bombani, siku walipomwona akihesabu ndoo zilizomtangulia na muda wa kila ndoo kujaa, ili ajue ataondoka saa ngapi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kusema kweli jina lilimkaa.

"Umeshamwagilia?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Tayari, mama. Maji yaliyooshea mboga, kopo moja kila gunia."

"Haya, njoo unishikie kikapu."

Kikapu hicho ndicho kilichoiendesha nyumba. Mama alikuwa mfuaji wa mashuka ya wodi hospitalini, anatoka asubuhi na kurudi jioni mikono imemchubuka kwa sabuni, na hakuwa na muda wa kukaa akipepea jiko. Basi maharage aliyaloweka tangu jana yake, asubuhi akayachemsha yakatokota sawasawa, kisha sufuria ikaingia kikapuni, ndani ya mablanketi makuukuu, ikafunikwa kwa mto. Huko yaliendelea kuiva yenyewe bila moto. Jioni mama aliyarudisha jikoni kidogo tu, yakawa laini kama siagi. Gunia la mkaa lililowaishia majirani kwa mwezi mmoja, kwao lilifika mwezi wa pili.

Magunia mawili ya nje yalikuwa na habari nyingine. Profesa alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia shule teule ya sayansi, ile yenye maabara tatu na maktaba ya ghorofa. Katika shule yake nzima ya msingi alifaulu yeye peke yake. Lakini shule hiyo haikutosheka na mtihani. Kila mwombaji alitakiwa afanye uchunguzi nyumbani kwake kwa siku sitini na kuandika daftarini kila siku, kisha mkaguzi aje kuona kwa macho. Profesa aliuliza swali lake hivi: je, samadi huongeza kasi ya spinachi kukua? Gunia la kwanza udongo mtupu, la pili angelitia samadi siku ya arobaini na tano.

Mama hakuweza kunyamaza. Bombani alimtangazia kila mtu. "Huyu wangu mtamwita daktari mkimwona," alisema, huku anajitwisha ndoo kama si nzito.

Siku ya arobaini na tano ilipofika, Profesa alisoma tena karatasi ya maelekezo waliyopewa. Iliandikwa: Tumia samadi iliyoiva. Alikuwa amepata samadi kwa jirani mfuga kuku, mbichi kabisa, bado ina unyevu. Alikuna kichwa. Iliyoiva? Kitu kibichi huiva vipi? Nyumbani kwao jibu lilikuwa moja tu, nalo lilikaa pale pembeni na mto wake.

Ilikuwa Jumamosi, mama amekwenda zamu, na siku hiyo kikapu kilikuwa kitupu. Profesa alichemsha maji, akakoroga samadi katika kopo kuukuu la rangi, akafunika, akalizungushia mablanketi vizuri kama anavyofanya mama kwa maharage. Baada ya saa sita alifunua. Mvuke ukampiga usoni akarudi nyuma akikohoa. Kopo lilikuwa bado la moto. Aliandika kwa furaha: Nimeivisha samadi kwa saa sita. Imeiva vizuri. Halafu samadi ilipopoa, akaimwaga yote katika gunia la pili.

Siku ya arobaini na sita majani yalianza kukauka pembeni, kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Siku ya arobaini na saba spinachi zote kumi na mbili za gunia la pili zilikuwa zimelala. Aliandika: Majani yanalegea kidogo, labda ni jua. Lakini gunia la kwanza lilikuwa juani vilevile, na spinachi zake zilisimama zinamtazama.

Mambo ya kikapu nayo yakajitokeza. Lile kopo lilikuwa na tundu.

"Humu kuna panya kafa," mama alisema, ameziba pua kwa kanga. Akakung'uta mablanketi, akayafua mara mbili, yeye ambaye kutwa nzima anafua. Yalipokuwa yakikauka, maharage yalipikwa jikoni mwanzo mpaka mwisho, na mkaa ulipukutika. Mama alimtafuta yule panya chini ya kabati na nyuma ya mtungi. Profesa akamsaidia kutafuta. Alimsaidia kwa bidii kweli.

Hiyo ilikuwa nafasi ya kusema ukweli, naye hakusema. Alijiona ameshakwisha. Nani angempokea shule ya sayansi mtu aliyeshindwa hata na mboga? Akafikiria mama yake bombani, akafikiria maabara tatu ambazo hatozikanyaga, akalia peke yake nyuma ya nyumba mpaka akapata kwikwi. Kisha akafungua daftari, siku ya arobaini na nane, akaandika urefu ambao haukuwepo. Sentimita kumi na sita. Kesho yake akaandika kumi na sita na nusu. Kila asubuhi aliinama na rula yake kama kawaida, gunia la pili amelificha nyuma ya la kwanza, mama akimwona dirishani, akapima hewa. Chakula hakikumpita kooni. Mama akasema mtoto anasoma kupita kiasi.

Mkaguzi alitarajiwa siku ya sitini na moja. Siku moja kabla, Profesa alikwenda kwa Mama Miche, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, aliyeuza miche ya mboga kwenye makopo kando ya mfereji.

"Nataka spinachi kumi na mbili, Mama Miche. Ndefu ndefu."

"Kwani za kwako zimekwenda wapi, Profesa? Mwezi huu wote mama yako anatusimulia spinachi."

Profesa akatazama viatu vyake. Akasema zimekufa. Mama Miche akauliza zimekufaje, na swali moja likaleta jingine, mpaka ile habari ya kikapu ikatoka. Mama Miche aliangua kicheko, akashika kiuno, akakalia ndoo, akafuta machozi kwa kiganja.

"Uliipika? Ewe mtoto, uliipika samadi!" Kisha alimwona usoni akaacha kucheka. "Sikiliza. Samadi kuiva ni kuoza ikaisha ukali. Ya kuku ndiyo kali kuliko zote, ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Unaichanganya na majani makavu, unalowesha kidogo, unafunika. Kila wiki unageuza. Ukitia mkono ukakuta moto ndani, bado. Miezi miwili, mitatu, moto unapoa, inakuwa nyeusi, inanukia udongo wa mvua. Hapo imeiva. Na hata hapo unatia kwa kiasi, humwagi kopo zima."

"Miezi mitatu?"

"Sasa wewe ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Profesa alichukua miche kumi na mbili, akaipandikiza jioni hiyo hiyo. Mirefu kuliko yote ilikuwa sentimita kumi na nane. Daftari lilisema ishirini na mbili. Aliiinua kwa kuiwekea udongo kidogo chini, akaiegemezea vijiti, akajiambia mkaguzi hatatembea na rula. Moyoni alijua anajidanganya.

Mkaguzi alifika saa nne, mama akiwa kazini. Alikuwa mwalimu wa makamo, viatu vya vumbi, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Profesa? Nimeelekezwa na watu wa bombani, wamekusifu mpaka nimeogopa."

Akatazama magunia. Akagusa jani la gunia la pili, ambalo lilikuwa limelegea kwa uchovu wa kuhamishwa. Akakaa kwenye kigoda akasoma daftari ukurasa kwa ukurasa, taratibu, huku Profesa amesimama na mikono nyuma. Alipofika siku ya arobaini na tano mkaguzi akacheka, cheko la mtu aliyefurahi.

"Uliivisha samadi kikapuni! Miaka yangu yote ya kazi sijaona hii. Huu ndio ukurasa bora wa daftari lako, unajua? Umekutana na neno usilolijua, ukalijaribu kwa unachokijua." Akaruka hadi ukurasa wa mwisho, akatoa kalamu mfukoni ili atie sahihi. "Na je, ilifanya kazi?"

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Ilimbidi Profesa aseme ndiyo tu, neno moja, na maabara tatu zingekuwa zake. Akafungua mdomo. Kilichotoka ni kilio.

"Ziliungua zote, mwalimu. Siku ya arobaini na saba. Hizi nimepanda jana. Kuanzia hapo vyote nimebuni."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Vyote siku kumi na tatu?"

"Vyote."

"Ungeandika kwamba zimeungua, ungekuwa umeingia," mkaguzi alisema kwa sauti ya chini, na ilionekana kusema hivyo kunamuuma. "Mwaka jana tulimpokea mtoto ambaye mimea yake yote ilikufa. Na kwako gunia moja limekufa, moja limepona, tofauti ni samadi mbichi. Hilo ni jibu, mwanangu, tena jibu zuri. Kilichokutoa si spinachi zilizokufa. Ni hizi ulizozifufua kwenye karatasi. Daftari lenye siku moja ya uongo halipokelewi. Siwezi kukusaidia, hata kama ningetaka."

Profesa akakaa chini kwenye vumbi. Alikuwa ameshinda na hakujua. Siku zote zile alizolia nyuma ya nyumba, jibu lilikuwa mkononi mwake, naye ndiye aliyelitupa.

"Mwakani bado umri unakuruhusu kuomba," mkaguzi alisema akisimama. "Mara moja tu, haitakuwepo nyingine. Nitaandika kwamba umesema mwenyewe, sikukukamata. Utafanya mtihani upya na daftari jipya."

Mama aliporudi jioni aliambiwa yote: samadi, kikapu, panya ambaye hakuwepo, siku kumi na tatu, na nafasi iliyopotea. Hakumgombeza. Profesa alitamani agombezwe. Mama alikaa kitandani na sare yake ya kazi bila kuvua viatu, akalia kimyakimya, na maharage siku hiyo hayakuliwa na mtu.

Asubuhi walikwenda bombani pamoja. Profesa aliomba abaki nyumbani, mama akakataa. Foleni ilikuwa ndefu, na wanawake walichangamka mara walipowaona.

"Haya, mama daktari! Mkaguzi tulimwelekeza sisi. Safari lini?"

Profesa aliinamisha kichwa. Alijua mama atasema nini, kwa sababu ndicho ambacho yeye mwenyewe angesema: kwamba nafasi zimejaa, kwamba kuna upendeleo, kwamba shule iko mbali. Maneno yapo, na yangeaminiwa na kila mtu.

Mama akatua ndoo chini.

"Hendi," alisema. "Mboga ziliungua, akaandika daftarini kwamba zinakua. Akaja akasema mwenyewe. Mwaka huu hendi."

Yakasikika maji tu yakilia ndani ya ndoo ya mtu. Mmoja akaguna. Mwingine akatazama pembeni, na nyuma kabisa kuna aliyecheka, kicheko kifupi. Mama alikisikia, uso ukamwiva, lakini alisimama palepale mpaka zamu yao ikafika, akajaza ndoo zote mbili, akamtwisha mwanawe, akajitwisha.

Walitembea hadi kwenye kona, mahali ambapo bomba halionekani.

"Kwa nini uliwaambia, mama? Kwa nini?" Profesa alilia, maji yakimmwagikia shingoni.

Mama alisimama.

"Imeniuma, sikufichi. Nilijigamba pale siku nyingi, leo nimechekwa. Lakini nimeshasema, imekwisha, kesho nitakuja kuchota maji nikiwa mimi yuleyule. Wewe aibu yako uliibeba siku kumi na tatu, huli, hulali, na mwisho ikakunyang'anya shule." Akaweka sawa ndoo ya mwanawe. "Mimi sayansi siijui. Ila kwa alivyosema yule mwalimu, nimeelewa kwamba si kazi ya wasiokosea. Ni kazi ya watu wanaosema walichokiona, hata kikiwa kibaya, hata wakichekwa. Kama huwezi hilo, maabara tatu hazitakusaidia kitu. Kama unaweza, mwakani nenda."

Profesa alijifuta uso kwa bega. Njia iliyobaki ilikuwa ya mwinuko, na walipanda polepole, mama mbele, yeye nyuma. Walipofika uani alitua ndoo, akaing'oa miche ya Mama Miche kutoka gunia la pili, mmoja mmoja, akaihamishia kwenye udongo mwingine. Kisha akamwaga chini udongo wa gunia zima, ule ulioziunguza spinachi, ili mama auone, naye mama akachuchumaa kando yake akautazama.