Shamba Lililolala

Kila mavuno, Abdulsabur alipata magunia kumi ya ngano. Dada yake Nabawiya, kwenye shamba la pili lililopakana na lake, kando ya mfereji, alipata manane.

"Uvivu huo!" Abdulsabur alimsema kwenye kinu cha kusagia unga, mbele ya watu. "Niligawa urithi kwa mwanzi wa kupimia wa baba. Kuzunguka kwako mianzi sitini, kwangu sitini."

Watu walicheka. Nabawiya alivuta shela usoni.

Siku ya Idi alimletea kaka yake sinia la basbusa, keki tamu ya ngano. Jirani yao Karima, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, alikuwepo akinywa chai.

"Kaka, shamba la dada limenyooka kama lako?" Karima aliuliza.

"Limelala upande kufuata mfereji. Lakini pande ni zile zile. Ishirini mara kumi, mia mbili."

Karima alichukua kipande cha basbusa kilichokatwa mshazari. "Huu ni msambamba, kama shamba lake." Alikata pembetatu upande mmoja, akaihamishia upande wa pili. Kikawa mstatili. "Kimepungua?"

"Hata."

"Upana wake sasa ni ule ubavu ulioinama?"

Abdulsabur alitazama. Upana ulikuwa mfupi kuliko ubavu.

"Hicho ndicho kimo," alisema Karima. "Hupimwa wima kutoka kwenye kitako. Eneo ni kitako mara kimo. Ubavu ni wa mzingo, unapojumlisha pande zote nne."

Walikwenda shambani. Karima aliweka kona ya daftari mpakani, wakapima wima hadi mfereji. Mianzi minane. Ishirini mara nane, mia na sitini.

Masikio ya Abdulsabur yaliwaka. Miaka saba tangu agawe urithi! "Wakubwa wa ardhi wanakuja kudai kodi tu. Nani alitufundisha?"

"Kweli," alisema Nabawiya. "Lakini si wao walioniita mvivu, kaka."

Alfajiri, kabla watu hawajamwona, Abdulsabur aliusogeza mpaka wa mashamba yao kwa mwanzi mmoja ndani ya lake. Kila mmoja akabaki na mia na themanini. Maneno ya kinuni hakuyagusa. Aliona haya.

Mavuno yalipofika, walipata tisa kwa tisa.

"Nabawiya kaacha uvivu!" mtu alidakia kinuni.

Abdulsabur aliinamisha kichwa. "Hakuwa mvivu. Mimi nilipima vibaya."

"Hatukusikii!" alisema mwenye kinu. "Kinu kina kelele."

Abdulsabur alimtazama dada yake. "Zima kinu," alisema. Kinu kikanyamaza, naye akarudia.